Tusi la Baba Nililolipeleka Mikumi

Baba yangu alitukanwa kwa wimbo mwaka ule ule nilioanza kazi ya ualimu, na tusi hilo ndilo lililonitoa nyumbani mwezi uliopita, nikiwa mstaafu mwenye wajukuu saba na goti bovu.

Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki kijijini, hasa ninyi wenzangu wa Kikundi cha Wasomaji mlionituma. Lakini nitaeleza tangu mwanzo, maana vijana wanaimba wimbo wenyewe kwenye harusi bila kujua kwamba ndani yake kuna mzee wa watu.

Kwetu, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Magu, wageni wenye kalamu hawajawahi kupungua. Amekuja wa kuandika ndege, amekuja wa kuandika machweo, amekuja wa kuandika samaki. Mmoja alikaa miezi minne kwenye nyumba ya wageni, akala sato wetu wote, akaandika kitabu kinene ambamo sisi tumo ukurasa mmoja tu, tukipunga mikono. Kabati la kikundi chetu limejaa vitabu vya namna hiyo. Mwaka huu tukasema basi, tutoe kitabu chetu, cha maneno ya watunzi wa hapa hapa, na maneno yenyewe yapo kwenye nyimbo za ngoma.

Kwa asiyejua: baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma husimama uwanja mmoja, saa ile ile, kila kimoja na ningi wake. Ningi ni mtunzi na mwimbaji kwa pamoja. Watazamaji wanakimbilia penye utamu, na anayebaki akiwaimbia mbuzi ndiye aliyeshindwa. Silaha kubwa ni kumtukana ningi wa upande wa pili kwa jina lake. Si matusi ya nguoni, la hasha. Ni ukweli uliotiwa chumvi mpaka ukakolea. Aliyetukanwa hujibu msimu unaofuata, na mpaka ajibu, wawili hao hawasalimiani, hawatumiani salamu, wala hawaulizani hali.

Baba yangu, Mzee Bundala, alikuwa ningi wa ufukweni. Ningi wa upande wa juu aliitwa Lushinge. Mwaka huo baba alikutana na kiboko njiani akielekea ngomani, akatupa ngoma yake akapanda mti. Lushinge akasimama mbele ya umati akaimba kwamba kiboko aliiokota ngoma ya Bundala, akaipiga, na kwa mara ya kwanza ufukweni wakasikia mpigaji anayejua. Uwanja ulipasuka. Hata mama yangu alicheka, na baba hakumsamehe upesi.

Basi msimu wa kujibu haukufika. Malisho yalikuwa yamekwisha, Lushinge akakusanya ng'ombe na watoto akahamia Kilosa, na baba akabaki na jibu mdomoni miaka thelathini na kitu.

Mwezi wa tatu baba aliugua. Tulipomwambia tumwite padri, alisema kwanza aitwe Minza na daftari. Minza ndiye mimi. Akanisomea jibu lake, mstari kwa mstari, kwa Kisukuma, huku akikohoa, nami nikiandika. Alipomaliza akasema, "Lipeleke kwa mdomo wako. Nikifa kabla hajalisikia, Lushinge atasema nilishindwa, na atakuwa na haki." Baba akapona, lakini daftari likabaki kwangu na agizo likabaki pale pale.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nakiri mbele yenu. Nilifundisha Kiswahili miaka mingi mno. Niliposoma lile jibu nikaona haya. Mimi, mwalimu, nimfuate mzee wa watu nyumbani kwake nimwambie maneno haya? Na kitabuni tuyaweke hivyo, watoto wasome? Nikakaa jioni tatu, nikaligeuza kuwa shairi la Kiswahili lenye vina na mizani, nikaondoa ukali hapa, nikapunguza chumvi pale. Nilipomaliza nilijipongeza.

Jumatano alfajiri nilipanda basi la Dodoma. Sina la kusimulia isipokuwa kwamba goti liliniuma kuanzia Shinyanga, na jirani yangu alikula mayai ya kuchemsha manane, nilihesabu, bila kunikaribisha hata moja.

Alhamisi asubuhi, Dodoma, nikapanda treni ya umeme kwa mara ya kwanza. Jamani! Nilikuwa nimebeba kitenge cha kujifunika vumbi. Vumbi la wapi? Nilikaa kama bibi harusi, naogopa hata kuegemea. Tulipoanza kuingia kwenye milima, treni ikazama gizani ndani ya handaki, nikasema "Yesu!" kwa sauti, na behewa zima likageuka. Kijana wa pembeni akaniambia, "Usijali mama, mengine yanakuja." Yakaja kweli. La mwisho nilinyamaza.

Saa nne hivi nikashuka Kilosa. Mji umekaa chini ya milima ya kijani, ofisi za serikali upande mmoja, soko upande mwingine, na bodaboda kila mahali. Wenyeji wa milimani ni watu wa adabu sana. Watoto wa shule walinipangia shikamoo kuanzia stesheni mpaka sokoni, mpaka nikachoka kuitikia marahaba. Nikamwambia bodaboda mmoja nataka kufika Msowero, kwa Mzee Lushinge, Msukuma.

"Wasukuma wa Msowero wako wengi, mama. Huyo anafanya nini?"

"Anaimba."

Akawaza. "Anayeimba simjui. Namjua Lushinge mwenye ng'ombe, mzee mpole, hasemi sana."

Mpole? Hasemi? Nikadhani tumepotea kabla hatujaondoka.

Mchana tukafika Msowero. Kuna majaruba ya mpunga mpaka macho yachoke, na nyumba ya kina Lushinge niliitambua kwa mkokoteni wa ng'ombe uliosimama mlangoni kama kwetu kabisa. Aliyenipokea ni Shija, mtoto wake wa kwanza, mtu mzima mwenye mvi. Nilimsalimia kwa Kisukuma, akaruka kwa furaha, akawaita wake na watoto waje wamwone mtu aliyetoka ziwani.

"Mzee yuko Mikumi," akasema. "Mguu unamsumbua, yuko kwa dada yangu Nshoma, karibu na hospitali."

Nikalala hapo. Walinipa wali na maziwa ya mgando, nikala nikasahau goti. Nikawauliza watoto kama babu yao huwaimbia. Wakatazamana.

"Babu haimbi," akasema mmoja.

Shija akacheka kidogo, cheko la kuomba radhi. "Aliacha zamani, Mwalimu. Huku jirani zetu ni Wakaguru, ni watu wema, walitupokea. Mzee mara ya kwanza alimwimbia mwenyekiti wa kijiji wimbo wa ngoma. Kuna mstari kuhusu masikio yake. Kesho yake kikaitwa kikao."

"Kikao cha masikio?"

"Kikao cha usuluhishi. Mzee akaomba msamaha, akatoa jogoo. Tangu hapo amekuwa mpole."

Wote tulicheka, lakini moyoni niliumia. Mtu aliyeangusha uwanja mzima amekuwa mzee wa kusemwa hasemi sana.

Ijumaa asubuhi nikarudi Kilosa, nikachukua gari la Mikumi. Mtu akiwauliza mwalimu wenu kafika wapi, mwambieni kafika Ulaya, tena bila pasipoti, kwa maana njiani kuna kijiji chenye jina hilo, na Ulaya hiyo nilinunua ndizi mbivu tamu kabisa. Mikumi yenyewe ni mji wa barabara kuu. Malori yanapita mchana kutwa, nyani wamekaa kando kama wakaguzi, na watu wanazungumzia tembo aliyepita shambani jana kama sisi tunavyozungumzia jirani aliyevuka bila kusalimia.

Saa nane mchana nikaupata mgahawa wa Nshoma. Ni mama wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya kuita madereva kutoka ng'ambo ya barabara. Nyuma ya mgahawa kuna ua, na uani, kwenye kiti cha plastiki, mguu umewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mzee mwembamba aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lile. Pembeni yake alikuwa mama mmoja wa Kikaguru, mwinjilisti wa Anglikana, aliyekuja kumjulia hali na Biblia yake mkononi.

"Shikamoo baba," nikasema, nikapiga goti lile zima.

"Marahaba mwanangu. Wa wapi?"

"Mimi ni Minza. Binti wa Bundala wa ufukweni."

Mzee alikaa wima. Macho yake yakawa madogo. Hakuniuliza baba hajambo, maana kanuni alikuwa anaikumbuka vizuri. Aliuliza neno moja tu. "Kajibu?"

"Kajibu, baba."

"Nshoma! Zima redio! Njoo usikie! Waite na hao madereva!"

Wakaja. Ua ulijaa. Nikafungua daftari langu safi, nikavaa miwani, nikasimama kama siku ya mahafali, nikaghani:

"Ewe Lushinge mwenzetu, uliyehama kwa heri,
Mifugo yako na watu, iwe salama safari,
Wimbo wako si wa kwetu, waweza kuwa mzuri…"

Zilikuwa beti tano. Madereva walinipigia makofi ya adabu. Mama Mwinjilisti akasema, "Shairi zuri, lina upendo." Nikafunga daftari, nikamtazama mzee nikingoja tabasamu.

Mzee alikuwa amevua kofia. Aliishika mapajani kwa mikono miwili.

"Alifariki lini?" akauliza.

"Nani, baba?"

"Bundala. Mnanificha. Mmekuja kunipasulia habari kidogo kidogo." Akamgeukia binti yake. "Nshoma, injika maji. Mtu wetu amekufa ziwani."

"Baba yangu ni mzima!" nikasema.

"Mtu mzima hawezi kunitakia safari njema. Bundala? Mimi? Iwe salama safari?" Akatikisa kichwa, na machozi yakamshuka. "Hayo ni maneno ya marehemu. Mmeyaandika ninyi watoto, ili nisiumie."

Loh! Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Mwinjilisti alikuwa tayari amefumba macho ameanza sala ya wafiwa. Dereva mmoja akavua kofia naye. Nshoma akaja na kanga kichwani, na mimi, binti wa "marehemu", nikabaki nimesimama na miwani yangu. Nikamwambia ngoja nipige simu nyumbani, uongee naye. Akakataa kwa mkono. Kama Bundala yu hai hajajibu, na kama hajajibu hawasemeshani. Na kama amekufa, simu ya nini?

Nikaona kweli sina njia. Baba yangu nimemuua kwa kalamu yangu mwenyewe, na anayemlilia ni yule yule aliyemtukana. Nikaingiza mkono ndani kabisa ya mkoba nikatoa daftari la kwanza, lile alilonisomea baba akikohoa. Uso ulikuwa wa moto. Nikasema, "Baba, nisamehe. Mama Mwinjilisti, na wewe unisamehe." Nikafumba macho, nikaimba kwa Kisukuma, kwa sauti ile ile ya baba, ya kuvuta mwisho wa mstari. Hapa nawaandikia kwa Kiswahili, sijapunguza kitu:

"Lushinge alipohama, ziwa lilishusha pumzi.
Miaka yote ufukweni kwetu hakuwahi kuoga, samaki wakamwombea maisha marefu huko mbali.
Lushinge akiimba, ng'ombe wanakata maziwa;
mke wake akitaka kukamua, humwambia nyamaza kwanza.
Alifuata majani, ng'ombe wakafika salama,
akili yake ilichoka njiani Manyoni, ikapanda basi ikarudi."

Nilipofika kwenye Manyoni, nikasikia mlio. Nilidhani kiti kimevunjika. Nikafumbua macho. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mguu ukaanguka kutoka kwenye ndoo, akapiga paja, akakohoa, akapigwa mgongoni na Nshoma, akaanza upya. Madereva wawili waliokuwa Wasukuma walikuwa wamelaliana mabegani, na waliobaki wanauliza, "Kasemaje? Kasemaje?"

"Yu hai!" mzee akasema, anapangusa macho. "Mbwa yule yu hai! Ikapanda basi ikarudi!"

Mama Mwinjilisti aliomba atafsiriwe. Nshoma akamtafsiria sikioni, na nikaona Biblia inapanda taratibu mpaka ikafunika mdomo. Mabega yalikuwa yanacheza.

Baadaye kidogo watu walipotawanyika, mzee aliniita nikae karibu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huku wananiheshimu. Nikipita, shikamoo. Nikifika, kiti. Nikisema upuuzi, wanasema ndiyo mzee. Sina ugomvi nao hata kidogo. Lakini miaka yote hii hapajatokea mtu mmoja anayenijua kiasi cha kunitukana." Akashika mkono wangu. "Baba yako amekumbuka mpaka habari ya kuoga."

Nililia pale pale, sikujificha. Nilikuwa nimesafiri kilomita zote hizo na shairi ambalo lingemwachia mzee huyu shikamoo nyingine tu.

Jumamosi na Jumapili nilibaki Mikumi, kwa sababu mzee alikataa niondoke. Alisema baba kajibu, sasa zamu ni yake. Alifukuza watu uani, akawa anasikika ananong'ona na kupiga vidole kwenye ndoo. Nshoma aliniambia hajamsikia hivyo tangu akiwa msichana. Mara mbili mzee aliniita, akanitazama kuanzia viatu mpaka miwani, akasema, "Basi, nenda." Nilidhani ananionea huruma kwa goti.

Jumatatu niliondoka, na jibu lake kwenye daftari la baba. Alinisomea kwa haraka asubuhi, nikiandika huku gari linapiga honi, kwa hiyo sikupata nafasi ya kutafakari. Nilitafakari kuanzia Kilosa, na treni ilipoingia handakini safari hii nilishukuru giza, maana sikutaka mtu aone uso wangu.

Jumatano jioni nilifika nyumbani, na Alhamisi ninyi nyote mlikuwapo uani kwa baba. Mlisikia wenyewe nikiimba, lakini naliweka hapa kwa ajili ya wasiokuwepo:

"Bundala, nimekusikia. Meno yamekwisha, bado unauma.
Yule kiboko anakusalimu, anasema ngoma sasa hakurudishii.
Lakini huyu binti yako, huyu wa chaki na miwani!
Alisafiri siku tatu kuja kunitukana, akaanza na shikamoo.
Tusi la baba yake alilifua kwa sabuni,
akalipiga pasi, akalitia marashi,
akaniletea msiba mzima wa mtu anayekula ugali.
Mpeni Mwalimu pilipili aibebe, atawafikishia sukari."

Mlivyocheka, Mungu anawaona. Mwenyekiti wa kikundi alikaa chini kabisa kwenye mchanga. Ni baba peke yake ambaye hakucheka. Alihesabu kwa vidole, akarudia, kisha akauliza kwa uchungu kabisa, "Mimi kanipa mistari miwili tu?" Hakunisemesha mpaka Jumamosi.

Tangu siku hiyo, ningekuwa na pa kujificha ningejificha. Sokoni naamkiwa, "Shikamoo Mwalimu, una sukari?" Wanafunzi niliowachapa kwa ajili ya insha sasa ndio wananiimbia mbele yangu. Miaka yote nilifundisha nyimbo na mashairi ya watu wengine nikiwa nimesimama salama ubaoni, nikijua kila kitu kuhusu vina. Nilidhani urithi wetu wa maneno ni kitu cha kukusanywa, kusafishwa na kuwekwa kabatini pamoja na vitabu vya wale wageni. Sikujua kwamba mtu hawezi kuuingia bila kuchekwa kwanza. Jibu la baba litachapwa kitabuni kama lilivyotoka mdomoni mwake, na la Lushinge pia. Shairi langu la salama safari nimelitia jikoni.

Juzi Shija alinipigia simu kutoka Msowero. Mzee amerudi nyumbani, mguu umepungua. Ameanza kuwafundisha wajukuu. Mwenyekiti wa kijiji alikuja mwenyewe kuomba aimbiwe tena ule wa masikio. Lakini mzee hatulii, akasema Shija, kila asubuhi anauliza kama binti wa Bundala amejibu, na daktari anasema moyo wake si wa kusubiri sana.

Mimi nilikuwa mezani, karatasi kumi zimekunjwakunjwa miguuni, nimefika kwenye kofia yake ya sufu na bado haijakolea.

"Mwambie asithubutu kufa," nikamjibu. "Naandika."